MANENO AMBAYO ADA HAILIPII: Kumjengea Mwanafunzi Msamiati wa Juu wa Kiingereza



Kila mwezi wa Januari kamati zetu huwa na orodha ileile mkononi: ada, sare, madaftari, godoro, ndoo na nauli. Tunachangishana katika Jumuiya Ndogo Ndogo, marafiki wa mbali wanaongezea, na mtoto anaingia kidato cha kwanza. Hata hivyo, katika orodha hiyo kuna hitaji moja ambalo huwa haliandikwi kwa sababu haliuzwi dukani. Hitaji hilo ni maneno.

Mtoto aliyesoma katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania amefundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na Kiingereza amekipata kama somo mojawapo. Akivuka tu kwenda sekondari, karibu masomo yote yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kama hana maneno ya kutosha, ada itakuwa imelipwa na sare atakuwa amevaa, lakini darasani atakaa kama mgeni. Akifeli tunasema hana akili au hakusoma kwa bidii, na mara nyingi tunakuwa tumemwonea.

Makala hii inaeleza msamiati wa juu wa Kiingereza ni kitu gani, unajengwa namna gani, na kamati ya parokia inaweza kufanya nini kwa fedha kidogo.

Msamiati wa juu si maneno ya kujionyesha

Tukisikia msamiati wa juu, wengi wetu tunamfikiria mtu anayetoa maneno marefu ambayo wasikilizaji hawayaelewi. Wapo vijana wanaokariri maneno magumu kutoka kwenye kamusi ili kuwashangaza wenzao. Huo sio msamiati unaomsaidia mwanafunzi.

Maneno yaliyomo katika kitabu cha shule yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maneno ya kawaida yanayotumika kila mahali. Mwaka 1953 Michael West, mwalimu Mwingereza aliyekuwa amefundisha miaka mingi huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno hayo yapatayo 2,000. Fungu la pili ni maneno ya somo lenyewe, kama vile "photosynthesis" katika biolojia au "latitude" katika jiografia. Haya mwalimu wa somo huyaandika ubaoni na kuyaeleza.

Fungu la tatu liko katikati. Ni maneno kama "analyse", "assume", "derive", "evident", "significant" na "vary". Si ya somo moja, bali yanapatikana katika historia, kemia, uraia na hata hisabati. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa huko New Zealand, alichapisha orodha ya maneno haya. Alikusanya maandishi ya kitaaluma ya sanaa, biashara, sheria na sayansi yenye jumla ya maneno 3,500,000, akapata familia 570 zinazojirudia katika fani zote. Familia ya maneno ni kama kusema soma, msomaji, usomaji na somesha; ukijua mmoja, ndugu zake hawakusumbui sana.

Katika maandishi hayo, maneno ya kawaida ya West yalichukua takriban asilimia 76, na zile familia 570 zikaongeza asilimia 10 nyingine. Lakini alipopima vitabu vya hadithi, familia 570 zilifikia asilimia 1.4 tu. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuzungumza Kiingereza vizuri sokoni au kwenye michezo, na bado akakwama katika kitabu cha shule. Maneno ya fungu la tatu hayaji yenyewe kwa mazungumzo. Lazima yafundishwe kwa makusudi.

Kwa nini maneno haya yanawaangusha watoto

Sababu ya kwanza ni kwamba hayana mwenyewe. Mwalimu wa Kiingereza anahangaika na sarufi. Mwalimu wa biolojia anaeleza maneno ya biolojia. Neno kama "assume" kila mmoja anadhani mwenzake ameshalifundisha.

Sababu ya pili ni maswali ya mtihani. Tuchukue mfano wa swali la historia linalohusu kushindwa kwa Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Swali likianza na "account for", linamtaka mwanafunzi atoe sababu. Mtoto anayejua kwamba "account" ni akaunti ya benki atabahatisha. Pengine atasimulia vita vilivyoanza hadi vilivyokwisha, kurasa mbili nzima, naye atakosa alama ingawa historia anaijua. Vivyo hivyo "outline" linataka hoja kwa ufupi, "distinguish" linataka tofauti, "justify" linataka utetee jambo kwa hoja, na "assess" linataka upime uzito wa jambo. Anayeyachanganya anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Sababu ya tatu ni maneno yenye kazi mbili. Mtoto wa parokia anajua "Mass" ni Misa Takatifu, lakini katika fizikia "mass" ni tungamo. "Table" ni meza, na pia ni jedwali. "Root" ni mzizi wa mti, na katika hisabati ni kipeuo. "Solution" katika hisabati ni jibu, na katika kemia ni myeyusho. Kwa kuwa mtoto anaona neno analolifahamu, hahangaiki kulitafuta katika kamusi, na hapo ndipo anapopotea.

Je, mtu anahitaji kujua maneno kiasi gani ili aelewe anachosoma bila msaada? Utafiti wa Hu na Nation uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wasomaji wengi wanahitaji kufahamu takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo katika maandishi. Katika ukurasa wenye maneno 300, hiyo ni kusema maneno mageni yasizidi 6. Anayejua asilimia 80 anakutana na maneno mageni 60 katika ukurasa huohuo. Hata awe na bidii namna gani, hawezi kufungua kamusi mara 60 kwa kila ukurasa. Atakachofanya ni kukariri bila kuelewa. Tunakumbuka katika Matendo ya Mitume sura ya 8 jinsi Filipo alivyomkuta yule towashi wa Ethiopia akisoma garini, akamwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Jibu lilikuwa kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Watoto wetu wengi wangejibu hivyohivyo.

Jinsi msamiati unavyojengwa

*1. Kusoma vitabu vya ngazi yake.* Msingi wa yote ni yale maneno 2,000 ya kawaida, na njia nzuri ya kuyapata ni kusoma vitabu vingi vyepesi. Huko visiwani Fiji, kuanzia mwaka 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza vipatavyo 250 katika madarasa ya shule za msingi za vijijini, mahali ambapo watoto hawazungumzi Kiingereza nyumbani na vitabu vilikuwa haba. Baada ya mwaka wa kwanza, watoto hao walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza karibu mara mbili ya kawaida. Mwaka wa pili mafanikio yakaenea katika stadi nyingine za lugha. Walimu walikuwa walewale wa kijijini.

Mtoto atajuaje kitabu ni cha ngazi yake? Afungue ukurasa wowote wa katikati na kuinua kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho bado ni kigumu kwake. Akichukue chepesi zaidi bila kuona aibu.

*2. Kadi za maneno.* Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mara tu baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi kunaimarisha kumbukumbu. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza katika kitabu chake njia rahisi ya kurudia kwa kutumia sanduku la kadi. Boksi la viatu linatosha. Ligawanywe vyumba vitano kwa vipande vya karatasi ngumu. Kila neno liandikwe kwenye kadi yake: upande mmoja neno la Kiingereza pamoja na sentensi fupi, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili.

Kadi mpya zinaanzia chumba cha kwanza, ambacho hurudiwa kila siku. Kadi aliyoijibu sawasawa inahamia chumba cha pili, kinachorudiwa kila baada ya siku mbili au tatu. Chumba cha tatu ni cha kila wiki, cha nne kila baada ya wiki mbili, na cha tano mara moja kwa mwezi. Kadi aliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Hivyo muda mwingi unatumika kwa maneno yanayomsumbua. Akijifunza familia 10 kwa wiki, zile 570 zinakwisha kwa wiki 57, yaani takriban mwaka mmoja na nusu wa masomo. Aliyeanza kidato cha kwanza atakuwa amemaliza kabla ya kuingia cha tatu.

*3. Mizizi ya maneno.* Mswahili anajua kwamba kutoka jenga tunapata mjenzi, jengo, ujenzi na jengwa. Kiingereza nacho kina mizizi yake, mingi ikiwa imetoka Kilatini. Mzizi "struct" una maana ya kujenga. Ukiufahamu, maneno "construct", "structure", "destruction" na "infrastructure" yanaacha kuwa mageni kabisa. Mzizi "port" ni kubeba, na humo mna "import", "export" na "transport". Viambishi vya mwanzo kama "un-", "in-" na "im-" mara nyingi hukanusha, na "re-" mara nyingi ni kurudia. Mizizi 20 na viambishi 20 vilivyobandikwa ukutani vinafungua mamia ya maneno. Mtoto asidhani Kiingereza ni uchawi. Kina utaratibu, kama lugha yake mwenyewe.

*4. Maneno yanayoandamana.* Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha na tunapiga magoti. Mgeni akitafsiri "piga" neno kwa neno atashangaa tunampiga nani. Kiingereza nacho kiko hivyo. Waingereza husema "make a mistake" lakini "do homework", na mvua kubwa kwao ni "heavy rain", yaani mvua nzito. Ndiyo maana kadi iwe na sentensi, sio neno peke yake. Neno lijifunzwe pamoja na majirani zake.

*5. Kiswahili kiwe daraja.* Bado kuna mahali ambapo mwanafunzi huvishwa kibao shingoni kwa sababu ameongea Kiswahili. Adhabu hiyo inafundisha kunyamaza tu. Mtoto anayejua tayari maana ya usawazisho au uvukizi kwa Kiswahili anahitaji jina jipya tu la kitu anachokifahamu. Kwa hiyo neno jipya lielezwe kwanza kwa Kiswahili, kisha litumike kwa Kiingereza. Zana zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa sehemu ya TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1996.

*6. Kulitumia neno.* Neno ambalo halijatoka kinywani wala kwenye kalamu halijawa mali ya mtu. Kila mwisho wa wiki mwanafunzi aandike aya moja yenye maneno matano kati ya yale 10, juu ya jambo analolijua: kilimo cha mahindi, kisima cha kijiji, sikukuu ya somo wa parokia.

Hapa tuseme jambo moja kwa uwazi. Wapo wasomi wanaoona kwamba dawa ya kweli ni kufundisha sekondari kwa Kiswahili, na utafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002, ulionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari hushiriki zaidi darasani wanapofundishwa kwa lugha hiyo. Hoja hiyo ni nzito na inastahili kujadiliwa. Lakini mtoto aliyeko kidato cha kwanza mwaka huu atafanya mtihani wake kwa Kiingereza. Hatuwezi kumwambia asubiri mjadala uishe.

Kamati ya parokia ifanye nini

Kwanza, tafuteni msimamizi. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu, au kijana aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo. Saa mbili za Jumamosi katika ukumbi wa parokia zinatosha kwa kuanzia.

Pili, nunueni vitabu vyepesi vingi badala ya vikubwa vichache. Vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi huandikwa kwa kufuata idadi maalumu ya maneno, na ngazi huandikwa kwenye jalada. Anzeni na ngazi za chini, nakala mbili mbili, ili watoto wasome wawili wawili na kuulizana. Kwa wanaoanza kabisa, mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa hadithi fupi kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi, na unaruhusu kuzichapa bure.

Tatu, kamusi ichaguliwe kwa uangalifu. Pamoja na ile ya Kiingereza-Kiswahili, iwepo moja iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978, kwa mfano, ilieleza maneno yake yote kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu. Kamusi kubwa ya Waingereza wenyewe humpeleka mtoto kutoka neno gumu moja hadi jingine.

Nne, kusanyeni karatasi za mitihani iliyopita, na watoto waorodheshe maneno yote ya kuamuru na kuuliza. Orodha hiyo ibandikwe ukutani pamoja na maana zake.

Tano, pimeni. Kabla ya kuanza, chagueni maneno 30 kutoka katika orodha ya maneno 570 na mwandike ni mangapi kila mtoto anayajua. Rudieni zoezi hilo mwisho wa muhula kwa maneno mengine 30. Hiyo ndiyo taarifa ya kuwapelekea wafadhili. Idadi ya vitabu vilivyofungiwa kabatini haionyeshi kitu. Na kabati lenyewe, tunaomba, lisifungwe hata watoto wakakosa vitabu kwa kuogopa vitachakaa. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Kwa heshima tunaomba mtuulize kabla ya kutuma maboksi ya vitabu vilivyotumika. Mengi ya maboksi ya namna hiyo huwa na vitabu vizito vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto ambao Kiingereza ni lugha yao ya nyumbani, na gharama ya kuvisafirisha ingetosha kununua hapa nchini vitabu vya ngazi inayofaa. Aidha, msione aibu kufadhili vitu vidogo: karatasi ngumu za kadi, posho ya nauli ya msimamizi, nakala za karatasi za mitihani. Havipendezi sana katika picha, lakini ndivyo vinavyoifanya ada mliyokwisha kulipa izae matunda.

Msamiati haupatikani kwa semina ya siku tatu. Unajengwa kama kanisa la kijiji linavyojengwa, tofali kwa tofali, huku kila jumuiya ikileta fungu lake. Maneno 10 wiki hii, mengine 10 wiki ijayo. Kamati itakayoanza na boksi moja la viatu, watoto 12 na msimamizi mmoja mwaminifu itakuwa imeanza vizuri. Tunaomba kamati zitakazoanza zilete matokeo ya kipimo chao cha kwanza katika mkutano wa kamati za elimu, ili parokia nyingine zijifunze.